Simu ya Saa Moja Asubuhi

Tangazo la Dresden lilisema: sauti zote,
umri usizidi miaka thelathini na mitano.
Nililisoma mara mbili, nikakunja miwani.
Nina hamsini na tisa, na alto yangu
imeanza kunikaa vizuri juzi juzi tu,
kama kiatu kilichonibana siku ya harusi
na sasa kinajua chenyewe njia ya sokoni.

Wakala wangu alistaafu, akaenda kufuga nyuki.
Aliniachia bahasha, majina kumi na manne.
Sita wamekufa.
Wawili kati yao niliwaimbia mazishini.

Basi nikajifunza kuomba kazi bila kuomba.
Jumanne napita kwa Bi Mörbitz, muuza majeneza,
na keki ya plamu mkononi.
Kazi hatuitaji. Tunazungumza magoti,
bei ya makaa, mkwe wake asiyesalimia.
Nikishika kitasa cha mlango ndipo anaponiambia,
"Alhamisi saa tano. Mwalimu wa jiografia.
Familia haitaki muziki wa kwenye kisanduku."
Euro themanini, na supu.

Mazishini hakuna anayepiga makofi.
Sauti inapanda mpaka kwenye boriti, inakaa,
mtu wa safu ya tatu anapenga kamasi,
na hiyo ndiyo risiti yangu.

Katika nyumba ya wazee kule Kappel
mimi ndiye kijana.
Mzee Zschoche, fundi wa mitambo ya kufuma,
amesahau jina la mwanawe,
lakini alishika besi mwanzo hadi mwisho
akanikemea nilipochelewa nusu ya pigo.
Alisema kweli. Nilichelewa.

"Mwalimu, siku hizi lazima uwe na video,"
aliniambia Henrike, mwanafunzi wangu.
Tukarekodi jikoni. Friji ikaimba noti yake,
chini kidogo ya yangu, haikubali kurekebishwa.
Tukaizima. Siagi ikayeyuka.
Video imetazamwa mara arobaini na moja;
kumi na mbili kati ya hizo ni mimi,
nikitafuta mahali pumzi ilipovuja.

Halafu leo, gizani bado, theluji dirishani,
simu. Mwongoza kwaya wa Annaberg,
kijana, maneno yanamkimbia:
alto wake ana homa, kantata ni saa kumi,
wamekwishampigia kila mtu. Kila mtu!
"Unaijua?"
Niliijua kabla mama yako hajajua atakuzaa.
Nikasema, "Nitaipitia kwenye treni."

Gauni jeusi nimelifumua kiunoni mara tatu,
mshono umekwisha, sasa linapumua
kwa kipande cha mahameli ya marehemu mama.
Treni ilipanda milima ikikohoa
nami nikapanda nayo, midomo imefungwa,
nikivumisha ndani ya skafu
mpaka mtoto wa kiti cha mbele akageuka
kutafuta nyuki.

Ile noti ya juu, zamani niliirukia.
Siku hizi naipandia taratibu, nimeshika ukuta,
na nikifika juu, nafika na vitu vyangu vyote.

Kanisani mikono ya kijana ilitetemeka.
Vinanda vilimwangalia, kwaya ilimwangalia,
naye akaangalia karatasi kama mtu aliyeangusha ufunguo.
Basi nikavuta pumzi, kubwa, ya wazi,
mabega yote yaione,
naye akaingia humo humo ndani ya pumzi yangu
na mkono wake ukashuka mahali pake.

Baadaye alinipa bahasha.
"Kwa nini hatukuwahi kukuita?"
Namba yangu ni ile ile, nikamwambia,
tangu enzi za simu za waya.

Sasa narudi. Behewa lina mimi na mlevi mpole.
Pembezoni mwa ukurasa wa kwanza
naandika kwa penseli chini ya tarehe nyingine,
chini ya mwaka ule ukuta ulipoanguka:
Annaberg, theluji, kwa niaba ya mgonjwa.
Kisha namwandikia yule binti mwenye homa,
ana miaka ishirini na saba, simjui:
kunywa tangawizi na asali, lala, usiongee.
Upone kabisa, mwanangu.
Wala usiharakishe.